Tukisubiri Mac mini ya M5: bei ya kuanzia na bei ya kununua

Tarehe 28 Desemba 2004, tovuti ya tetesi iliyoitwa Think Secret iliandika kwamba Apple ilikuwa mbioni kutoa kompyuta ya mezani isiyo na skrini, kwa dola 499. Mwenye tovuti alijiita Nick dePlume. Jina lake hasa ni Nicholas Ciarelli, na wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Harvard mwenye umri wa miaka 19. Apple hawakuichukulia kama porojo ya kijana. Tarehe 4 Januari 2005 waliifungulia tovuti yake kesi, na wiki moja baadaye, tarehe 11, Steve Jobs akapanda jukwaani San Francisco akaonyesha Mac mini ya kwanza. Haikuja na skrini, wala kibodi, wala kipanya. Bei yake: dola 499.

Kesi iliisha kwa maelewano mwaka 2007, na tovuti ikafungwa. Ciarelli hakumtaja aliyempa habari.

Kisa hiki ni cha nadra. Umbo la kompyuta huvuja, chipu huvuja, hata idadi ya matundu ya nyuma huvuja. Bei ikivuja mapema, tena ikawa sahihi, hapo watu hupelekana mahakamani. Sababu si ngumu kuiona. Ganda la alumini lazima likatwe kiwandani miezi kadhaa kabla ya tangazo, na njiani linapita kwa wachoraji, wachonga kalibu, wapakiaji na wasafirishaji, bila kuwasahau wale wanaouza vishikio na mikoba ambao wanataka mzigo wao uwe dukani siku ya kwanza. Chipu nayo huacha nyayo ndani ya mfumo endeshi, na wapo watu ambao starehe yao ni kuusoma mfumo huo mstari kwa mstari wakitafuta namba ya modeli isiyojulikana. Bei haipiti kwa watu wote hao. Ni namba iliyo vichwani mwa wakubwa wachache, na inaweza kubadilishwa jioni ya mwisho bila kugusa hata skrubu moja.

Apple wenyewe wanajua hivyo na wamewahi kucheza nacho. Januari 27, 2010, siku ya iPad ya kwanza, Jobs aliwaambia watu ukumbini kwamba wachambuzi wanatarajia bei ya chini kidogo ya dola 1,000, akaiweka 999 kwenye skrini kubwa nyuma yake na kuiacha hapo. Dakika kadhaa baadaye ikaangushwa na 499. Miezi ya tetesi ilikuwa imemfanyia kazi ya bure: 499 ilionekana zawadi kwa sababu watu walikwisha kuizoea 999.

Kwa hiyo unaposoma tetesi, ni vyema kutenga mafungu mawili: umbo na bei. Agosti 2024, Mark Gurman, mwandishi wa Bloomberg, aliandika kwamba Mac mini mpya itakuwa ndogo kuliko zote zilizotangulia, ikikaribia kisanduku cha Apple TV, na baadaye akaongeza kwamba matundu ya USB ya zamani, yale mapana, yataondolewa. Oktoba 29 mashine ikatangazwa: sentimita 12.7 kwa 12.7, kimo sentimita 5, na yale matundu mapana hayapo. Umbo alilipata. Kwenye bei, sisi wengine wote tulikuwa tunabishana hewani. Wapo walioapa kwamba chipu ya M4 (M ni jina la chipu za Apple wenyewe, namba ni kizazi) pamoja na ganda jipya vitaisukuma hadi 699. Ikatoka kwa dola 599, bei ileile ya mini ya M2, na RAM ya kuanzia, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ikapanda kutoka GB 8 hadi 16.

Naandika haya mwishoni mwa Desemba 2025. Mac mini inayouzwa bado ni ile ya M4. Chipu ya M5 ilitangazwa Oktoba 15, ikaingia kwenye MacBook Pro ya inchi 14, iPad Pro na miwani ya Vision Pro, mini ikarukwa. Basi msimu wa tetesi umefunguliwa. Mimi hukata video za harusi hapa Mombasa, na vijana wa kazi hii wamekwisha kuanza: "Kaka, ninunue hii iliyopo au ningojee?" Jibu ninalowapa huwa refu kuliko wanavyotaka, ndiyo maana nimeamua kuliandika mara moja niwe nawatumia.

Tuanze na historia ya bei, maana ndiyo inayofumbua mengi. Dola 499 mwaka 2005. Zilipoingia chipu za Intel mwaka 2006, ikawa 599. Mwaka 2010 ganda jipya la alumini, 699. Mwaka 2011 wakaondoa kisomeo cha diski na kurudi 599. Mwaka 2014, 499 tena. Halafu kimya cha miaka minne, na Oktoba 2018 ikarudi ikiwa 799. M1 mwaka 2020, 699. M2 Januari 2023, 599. M4, 599. Ukiitazama orodha hiyo utaona bei inapanda na kushuka, lakini haijawahi kwenda mbali. Tena ukihesabu mfumuko wa bei wa Marekani, dola 499 za mwaka 2005 ni zaidi ya dola 800 za mwaka 2024. Kwa pesa halisi, mini ya leo ni rahisi kuliko ile ambayo Ciarelli alishtakiwa kwa ajili yake.

Ila kwenye mwaka 2014 tusimame kidogo, kwa sababu ndio mwaka unaoonyesha jinsi bei ya kuanzia inavyoweza kumpumbaza mtu mzima. Mini ya mwaka 2012 ilikuwa mashine ya fundi. Ulikuwa unageuza kifuniko cha duara chini kwa vidole viwili, unatoa RAM, unatia nyingine uliyonunua mwenyewe dukani. Ukitaka nguvu, kulikuwa na prosesa ya i7 yenye viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja. Watu wakangoja miaka miwili kwa matumaini ya kitu bora zaidi. Ilipofika ya 2014, vichwa vya habari vilishangilia bei iliyoshuka kwa dola 100. Ndani yake RAM ilikuwa imechomelewa kwenye bodi, na modeli ya viini vinne haikuwepo tena hata kwa mwenye pesa. Kwa kazi inayotumia viini vyote, kama kutoa video iliyokamilika, mashine ya miaka miwili nyuma ilikuwa inaishinda mpya. Waliongoja walipewa punguzo la bei na kunyang'anywa uwezo, na hakuna tetesi niliyoisoma mwaka ule iliyokuwa imewaonya.

Jambo la namna hiyo lilijirudia kwa udogo mwaka 2023. Mini ya M2 ya GB 256 ilishushwa hadi 599, nasi tukapiga makofi. Walioifungua wakakuta hifadhi yake imewekwa kwenye chipu moja badala ya mbili, hivyo kasi ya kusoma na kuandika ilikuwa chini ya ile ya M1 iliyotangulia. Prosesa mpya, diski ya polepole zaidi. Hilo nalo huwezi kulisoma kwenye bei.

Sasa tufike kwenye ngazi yenyewe, ambako ndiko pesa zinakotoka.

Mini ya M4 ya dola 599 ina RAM ya GB 16 na hifadhi ya GB 256. Ukitaka hifadhi ya 512, ongeza dola 200. TB 1, ongeza 400. RAM ya GB 24, ongeza 200. GB 32, ongeza 400. Hebu jenga mashine ambayo mkataji video angeitaka bila kufikiria sana, RAM ya 32 na hifadhi ya TB 1: 599 na 400 na 400, jumla dola 1,399. Namba hiyo haikuja kwa bahati. Dola 1,399 ndiyo bei ya kuanzia ya mini yenye M4 Pro, inayokuja na RAM ya GB 24 na hifadhi ya 512. Yaani ukipanda ngazi ya mashine ndogo hivyo, unakuta umesimama kwenye mlango wa mashine kubwa, na muuzaji anakukaribisha. Ukiingia, nayo ina ngazi yake.

Fundi wa kanzu hapa mjini anafanya hesabu hiyohiyo. Bei ya kanzu nyeupe isiyo na kitu anaitaja bila kusita, hata anaibandika ukutani. Ukianza kuuliza darizi ya shingoni, kitambaa cha daraja la juu na kifungo cha namna fulani, hapo ndipo anavuta kiti. Tofauti ni kwamba kanzu unaweza kuirudisha mwakani akaiongeza darizi.

Mini haikubali hivyo. RAM ya chipu za M iko ndani ya kifurushi kimoja na prosesa. Hakuna fundi wa mtaa wowote atakayeiongeza baadaye. Uamuzi wa siku ya kununua ndio uamuzi wa maisha ya mashine. Hifadhi ya M4 kidogo ina nafuu, kwa kuwa imewekwa kwenye kadi inayochomoka, na watu wamekwisha kuibadilisha kwa kadi za watengenezaji wengine, ingawa unahitaji Mac nyingine pembeni ili kuirudishia mfumo. Hata bila hilo, diski ya nje ya SSD iliyochomekwa kwenye tundu la Thunderbolt inatosha kabisa kukata video moja kwa moja kutoka humo. Mimi hufanya hivyo kila wiki. Kwa hiyo dola 200 za hifadhi zinaepukika, na za RAM haziepukiki. Mtu mwenye dola 200 tu za ziada asizigawe. Aziweke zote kwenye RAM.

Kwa nini hatua iwe 200 na si 60? Katika mwaka wake wa fedha wa 2024, Apple walibaki na takriban asilimia 37 ya mauzo ya vifaa baada ya kutoa gharama ya kuvitengeneza. Huo ni wastani wa kila kifaa. Sidhani mini ya 599 inaufikia wastani huo. Nadhani inauzwa ili uingie ndani, na ile mini ya 999, yenye RAM ya 24 na hifadhi ya 512, aliyoichukua jirani yako ndiyo inayofidia. Nasema nadhani, kwa sababu mahesabu ya modeli mojamoja hawayatoi. Lakini tazama wanavyoitetea RAM. Novemba 2023 mmoja wa wakubwa wao wa masoko, Bob Borchers, alidai kwamba GB 8 kwenye Mac huenda zikalinganishwa na GB 16 kwenye mifumo mingine. Haukupita mwaka, GB 8 zikafutwa kwenye Mac zote mpya kwa mkupuo, kwa sababu huduma zao za akili bandia zinahitaji nafasi ya kukaa. Bei haikupanda. Maana yake zile GB 8 za ziada, ambazo kwa miaka zilikuwa zinauzwa dola 200, ziliwezekana kutolewa bure siku ile kampuni ilipozihitaji yenyewe.

Hadi hapa tetesi za M5 zingekuwa rahisi: ganda lilelile, bei ileile, chipu mpya, tulale. Lakini mwaka huu unaisha na jambo ambalo halikuwepo tulipokuwa tunaikisia M4. RAM imekuwa ghali duniani kote. Vituo vya data vya akili bandia vinaimeza, na watengenezaji wakubwa ni watatu tu: Samsung, SK Hynix na Micron. Wote wameelekeza mitambo yao kule kwenye faida. Desemba 3, Micron walitangaza kwamba wanaachana na Crucial, jina ambalo sisi wa kujiongezea RAM wenyewe tumelitumia miaka mingi. Siku mbili kabla ya hapo Raspberry Pi, watu ambao mwaka 2012 walijijengea jina kwa kompyuta ya dola 35, walipandisha bei. Pi 5 ya GB 16 imetoka dola 120 hadi 145. RAM za kompyuta za kawaida madukani zimepanda zaidi ya maradufu ndani ya miezi michache.

Kuna kichekesho humo ambacho sikitarajii Apple wakiseme. Zile dola 200 kwa GB 8, tulizozilaani kwa miaka, soko sasa linazifuata. Hazijawa bei nzuri. Zimeacha tu kuwa za ajabu.

Je, Apple watapandisha? Wao hununua kwa mikataba mikubwa na wana pesa za kungojea dhoruba ipite. Dalili iliyo mkononi ni MacBook Pro ya M5 ya Oktoba: ilitoka kwa dola 1,599 ikiwa na RAM ya 16 na hifadhi ya 512, sawasawa na ya M4 iliyotangulia. Lakini bei hiyo ilipangwa kabla joto halijapanda sana, na mashine ya dola 1,599 ina nafasi ya kumeza hasara ambayo mashine ya 599 haina. Ndiyo maana sitaki kuichukua kama ushahidi kamili.

Dalili ninayoipa uzito zaidi inatoka kwenye simu. Mwaka 2023 iPhone 15 Pro Max ilianza dola 1,199, wakati iliyotangulia ilianza 1,099. Apple hawakusema wamepandisha. Waliondoa modeli ya GB 128, na mlango ukahamia kwenye 256 iliyokuwa inauzwa bei hiyohiyo tangu zamani. Septemba mwaka huu wakaifanyia iPhone 17 Pro hivyohivyo, kutoka 999 hadi 1,099. Kila mtu akifungua kinywa kulalamika, anajibiwa kwamba GB 256 bei yake haijabadilika, na ni kweli haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa hali ya chini hana tena pa kuingilia.

Kwa hiyo kisio langu ni hili. RAM ya kuanzia itabaki 16. Kurudi 8 hawawezi, na kwenda 24 katika hali hii ya soko ni ndoto. Modeli ya hifadhi ya GB 256 itaondolewa. Mini ya M5 itaanzia 512, na bei itakuwa dola 699. Wataandika kwa maandishi makubwa kwamba hifadhi imeongezwa mara mbili, na kwamba modeli ya 512 imeshuka kutoka 799. Yote mawili yatakuwa kweli. Hatua ya RAM itabaki 200. Ganda halitaguswa: lile la mwaka 2010 lenye upana wa sentimita 19.7 lilikaa miaka 14, na hili la sasa halijafikisha hata miwili. Kitufe cha kuwashia kitabaki chini ya tumbo, walikokiweka kwa sababu ambazo sijawahi kuzielewa.

Na upya wenyewe? M5 ina viini kumi kama M4 ya kawaida, na Apple wanadai kasi iliyoongezeka kwa hadi asilimia 15 kwenye kazi za viini vyote. Njia ya RAM imepanuliwa kutoka GB 120 kwa sekunde hadi 153. Ongezeko kubwa liko kwenye viini vya michoro, ambavyo sasa kila kimoja kina sehemu ya kuharakisha kazi za akili bandia. Mtu anayetaka kuendesha modeli kubwa za lugha kwenye mashine yake nyumbani ana sababu nzuri ya kungoja. Mtu anayekata harusi ya saa tano iliyopigwa kwa kamera tatu ataokoa dakika chache za kutoa kazi, wakati ambao angeutumia kunywa chai.

Halafu kuna hatari ambayo wanaosubiri hawaitaji: mini ina tabia ya kuruka vizazi. Mwisho wa 2023 chipu za M3 zilipotoka, wapo waliofunga pochi zao wakisubiri mini ya M3. Haikuja kamwe. Kutoka M2 tulirukia M4, miezi 21 baadaye. Mwaka 2024 mini ya M4 ilitangazwa wiki moja na MacBook Pro. Mwaka huu MacBook Pro imekwenda peke yake. Chipu ya M5 Pro, ninapoandika, bado haijatoka, na nahisi mini zote mbili zitaingojea ili zitoke pamoja. Lakini hisia si tarehe.

Sisi wa huku tuna hesabu nyingine juu ya hizo. Dola 599 kwa kiwango cha shilingi 129 ni kama 77,300 za Kenya. Ongeza VAT ya asilimia 16 na uko karibu elfu tisini, kabla ya usafiri na faida ya muuzaji. Hatua moja ya ngazi, zile dola 200, ni shilingi 25,800 kabla ya VAT, sawa na pango la mwezi la nyumba za watu wengi hapa. Hata ukiwa nazo, jaribu kuzunguka maduka uone. Mengi huleta modeli ya chini kabisa na pengine ile ya 512, kwa sababu ndizo zinazotoka. Yenye RAM ya 24 au 32 huwa ni ya kuagiza, nayo inakuja kwa siku za muuzaji, si zako. Wengi huishia kumwomba ndugu aliye Marekani, Uingereza au Dubai aje nayo kwenye begi.

Ukifanya hivyo, angalau umeme usikutie wasiwasi. Kigeuzi kiko ndani ya mini na kinakubali volti 100 hadi 240, na waya wake ni ule wenye kichwa cha nane, wa redio za zamani. Waya wa mashine ya Marekani unautupa, unanunua wa kwetu kwa shilingi mia chache. Pia kumbuka bei ya Marekani haijajumlisha kodi ya mauzo ya jimbo, ilhali ya Uingereza, pauni 599 kwa mini ya M4, imekwisha kujumlisha VAT yao ya asilimia 20. Wanaolinganisha 599 na 599 husahau hilo.

Jambo jingine la kwetu ambalo halimo kwenye tetesi za Cupertino, makao ya Apple, ni umeme unaokatika. Mini ya M4 ikiwa imetulia inakula wati chache tu, hivyo UPS ndogo, ile betri ya akiba, inatosha kuiendesha pamoja na skrini ya wastani hadi uhifadhi kazi yako na kuzima kwa utaratibu. Hilo pekee limewafanya vijana wawili ninaowajua waache mashine zao kubwa za mezani zilizokuwa zikizima ghafla katikati ya kazi ya mteja. Hakuna M5 itakayowaongezea chochote hapo.

Kwa hiyo kijana akiniuliza leo, namuuliza kwanza ana kazi za Januari na Februari au hana. Kama anazo, namwambia achukue M4 ya GB 24 akiipata, ya 16 asipoipata, na diski ya nje. Harusi za kabla ya Ramadhani hazimngojei Tim Cook wa Apple. Kama hana kazi, angoje. Akitangaziwa M5, M4 zilizorudishwa na kukaguliwa upya zitashuka bei kule Marekani, na hapo ndipo mimi huwinda. Mwenye mashine ya Intel asingoje lolote. Mwenye M1 yenye RAM ya 16 asinunue lolote, hata nimwone amekaza macho namna gani.

Binamu yangu aliye Minneapolis, ambaye ndiye mbebaji wetu wa kila kitu, hakubaliani na kisio langu. Anasema Apple hawatathubutu kuigusa 599, kwa sababu namba hiyo ndiyo tangazo lao la bure, na kwamba GB 256 itabaki ili watu kama mimi wapate cha kulalamikia. Tumewekeana dau. Nikipatia, ananiletea mini yangu bila kudai chochote cha mzigo. Akipatia yeye, nagharamia kilo zote za begi lake la safari ijayo, na mkewe amekwisha kuanza kuorodhesha kanga na viungo vya pilau.